Mgongo Huu Hautaki Godoro

Kuna ushauri mmoja ambao kila aliyewahi kushika kiuno mbele za watu ameupata bure: pumzika. Mama mkwe atakwambia, dereva wa bodaboda atakwambia, jirani aliyepita kuomba chumvi atakwambia, na ukifika zahanati utaandikiwa siku saba za kulala kana kwamba wote walikaa kikao kimoja. Anayejiona mjuzi zaidi ataongeza kwamba uondoe godoro ulalie ubao. Usiiname, usinyanyue ndoo, usipande ngazi. Mgongo, wanakwambia, hauna spea.

Niliutii ushauri huo kwa miaka sita. Tena sikuutii nusunusu, nilikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Niliacha mpira wa Jumapili, nikaacha kumbeba mwanangu, nikaenda Keko kwa mafundi seremala nikachongesha ubao wa mninga na kuulalia mpaka mke wangu akahamia chumba cha watoto. Mwaka wa sita, usiku wa kuandama mwezi wa Ramadhani, watoto waliuona mwezi, mimi nikasimuliwa. Shingo haikupanda. Kwa hiyo nikipandisha sauti kidogo humu ndani, msomaji anivumilie.

Nianze na mgongo wa kawaida, ule wa aliyebeba gunia la mkaa vibaya au anayekalia kiti kibovu kazini. Hata huo, mapumziko marefu yalishakosa utetezi zamani. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walilinganisha wagonjwa walioambiwa walale siku mbili na walioambiwa walale siku saba. Wa siku saba hawakupona zaidi. Walichozidi ni kukosa kazi siku nyingi. Mwaka 1995 huko Helsinki, wafanyakazi wa jiji waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno waligawanywa makundi matatu: la kulala, la mazoezi maalumu na la kuendelea na shughuli kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona haraka ni wa shughuli. Waliolala walikuwa wa mwisho. Habari hizi zina umri wa kutosha kuwa na watoto chuo kikuu, lakini mtaani kwetu bado hazijafika.

Mgongo wangu lakini haukuwa wa gunia. Ipo baridi yabisi inayokwenda kwenye uti wa mgongo. Jina lake la hospitali ni ankailozingi spondilaitisi, na siku hizi wataalamu wanaiweka ndani ya ukoo mpana zaidi wanaouita spondiloathraitisi. Si mgongo kuchakaa, si "pingili kusagika", wala si ute kukauka, maneno ambayo picha ya eksirei ya kila aliyevuka miaka 50 huyavuta kama sumaku. Ni kinga ya mwili iliyogeuka na kuwasha moto pale kano zinapojishikiza kwenye mfupa. Mara nyingi huanzia kwenye maungio ya nyonga na uti wa mgongo, huko chini kabisa juu ya makalio, kisha hupanda. Moto ukikaa sana, mwili huweka mfupa mpya mahali pasipotakiwa mfupa. Pingili moja inajengewa daraja hadi kwa ya pili, ya pili hadi kwa ya tatu, na hatimaye mgongo katika picha unafanana na mwanzi. Kiswahili kilikuwa kimeshaona mfanano huo kabla ya eksirei: pingili za mwanzi na pingili za mgongo ni neno moja.

Ugonjwa huu ni wa vijana. Wengi huanza kuumwa kabla ya miaka 40, wengine wangali shuleni, na huja kwa kunyemelea, hauna siku unayoweza kusema ndiyo ulianza. Unakuamsha saa nane au saa tisa za usiku. Alfajiri mgongo ni mkavu kama kuni, na ukavu huo hukaa nusu saa, saa nzima, hata zaidi. Kisha unapungua ukitembea na unazidi ukilala. Ndiyo alama ambayo madaktari wa baridi yabisi huitumia kuutofautisha na maumivu mengine ya mgongo. Sasa ugonjwa ambao alama yake ya kutambuliwa ni kuzidi kwa mapumziko, mtu anauandikiaje mapumziko? Ni kumwandikia mwenye kisukari soda.

Aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba yangu si ya kawaida hakuwa daktari. Alikuwa mzee mmoja anayekaa safu ya kwanza msikitini kwetu. Siku hiyo tulikuwa bega kwa bega. Tulipomaliza kuswali akaniangalia kwa makini. "Mwanangu," akasema, "mbona unamsalimia malaika kwa mabega?" Nikamwuliza ana maana gani. Akanionyesha: kutoa salamu ni kugeuza shingo, kulia kisha kushoto, lakini mimi nilikuwa nikigeuza kiwiliwili kizima kama mtu anayefungua mlango mzito. Nilimjibu kwamba ni uchovu, nikamwachia shikamoo, nikarudi nyumbani kwenye ubao wangu.

Ilipita miezi minane kabla sijamfikia dada mmoja wa fiziotherapia, mdogo kuliko kitinda mimba wetu, mwenye futi ya fundi cherehani mfukoni. "Kaka, simama hapa. Visigino ukutani, makalio ukutani, kidevu usinyanyue. Haya, gusisha kisogo." Kisogo hakikugusa. Akapima nafasi iliyobaki: sentimita 6. Akanichora alama mbili mgongoni kwa kalamu, sentimita 15 baina yake, akasema niiname. Kwa mgongo mzima sentimita hizo 15 hufunguka zikafika 20 au zaidi. Zangu zilifika 17. Akanizungushia futi kifuani nivute pumzi kwa nguvu zote. Kifua kilipanuka sentimita 2. Chini ya inchi moja, akasema, mbavu zimeanza kuganda. Halafu akaniuliza swali ambalo katika miaka sita ya kupanga foleni hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ukilala unapata nafuu, au unazidi?"

Sasa tuje kwa wanaotetea kitanda. Hoja yao ya kwanza ni kwamba maumivu ni mwili kusema hapana, na kulazimisha kiungo kinachowaka ni kukichochea. Inaingia akilini, kwa sababu kifundo cha mguu kilichoteguka hukipumzisha. Imepimwa, na imeshindwa. Mwaka 2008 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 11 yenye wagonjwa 763 wa ugonjwa huu. Waliofanya mazoezi, hata ya nyumbani, walikuwa na hali bora kuliko wasiofanya kitu. Waliofanya kwa kikundi chini ya msimamizi waliwazidi waliofanya peke yao nyumbani. Baadaye watafiti wa Norway na Sweden wakaenda mbali zaidi: walichukua wagonjwa 100, nusu yao wakawapa miezi mitatu ya mazoezi makali kweli, ya kutoa jasho na kuinua vyuma. Kama nadharia ya kuchochea moto ingekuwa na ukweli, hapo ndipo ungewaka. Ugonjwa ulipungua makali.

Sitaki nishinde ugomvi huu kwa kudanganya. Nafuu inayoonekana kwenye majaribio hayo, kwa wastani, ni ya kiasi. Haifuti ugonjwa. Na hakuna aliyethibitisha kwamba mazoezi yanazuia lile daraja la mfupa lisijengwe. Anayekuahidi kwamba yoga au kamba ya kuruka itakuponya anakuuzia maneno. Lakini tujue tunalinganisha nini na nini. Upande mmoja kuna kitu kinachopunguza maumivu, kinachoongeza uwezo wa kugeuka, kupumua na kufanya kazi, nacho kimepimwa mara nyingi. Upande wa pili kuna kitanda, ambacho hakina hata jaribio moja la kukitetea. Kisha ongeza hili: mgongo ukiganda, hugandia pale ulipouzoeza. Aliyelala amejikunja kama kamba miaka kumi atagandia hapo. Aliyekuwa akijinyoosha kila siku, hata akiganda, ataganda amesimama, akiwa anaona barabara na nyuso za watu. Mkiona hilo ni jambo dogo, jaribuni kuvuka Morogoro Road mkiwa mnaona viatu vyenu tu.

Hoja ya pili inanikera zaidi kwa sababu inavaa koti jeupe. Mwaka wa tatu wa ugonjwa nilitumwa "fizio" katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilifurahi. Nikapelekwa nyuma ya pazia, nikalazwa kifudifudi, nikawekewa taa nyekundu ya joto dakika 15, kisha vipande vya umeme vinavyotekenya, kisha nikapakwa mafuta nikasuguliwa. Redioni taarabu. Kadi ikapigwa mhuri. Mara kumi hivyo hivyo, nami kila mara nilitoka nimelainika kama bi harusi aliyetoka kusingwa, na kila alfajiri nikaamka mkavu vile vile. Siku ya kumi nikaambiwa nimemaliza tiba. Hakuna aliyenifundisha tendo hata moja la kwenda kufanya nyumbani. Yalikuwa ni mapumziko yale yale, ila haya yana umeme na risiti.

Wengi wetu tukisema fiziotherapia, hicho ndicho tunachokiona: mashine. Mgonjwa akiingia asipokuta mashine anaona ameibiwa. "Nimepoteza nauli kuja kuambiwa nifanye mazoezi? Dawa iko wapi?" Nimewasikia watu wakisema hivyo kwenye benchi, nami niliwahi kusema. Wataalamu wenyewe, waliosomea KCMC pale Moshi au KMTC huko Kenya, wanajua vizuri kwamba kazi yao ni kumfundisha mtu kutembeza mwili wake. Lakini mtaalamu mmoja mwenye foleni ya watu 30 atafanya nini? Kuwasha taa kunachukua sekunde. Kumfundisha mtu kupumua kwa mbavu kunachukua nusu saa, na keshokutwa arudi akaguliwe. Miongozo ya madaktari wa baridi yabisi wa Marekani ya mwaka 2019 inasisitiza fiziotherapia kwa wagonjwa hawa, tena inasema wazi kwamba ile ambayo mgonjwa mwenyewe anafanya kazi ipewe kipaumbele mbele ya ile ya kukandwa, taa na mashine. Mwongozo huohuo umeweka mazoezi ya nchi kavu mbele ya yale ya majini. Nalitaja hili kwa ajili ya ndugu zangu wa Dodoma na Tabora, wasije wakasema tiba hii ni ya watu wa pwani na wenye mabwawa ya kuogelea.

Tamaa ya kutibiwa ukiwa umelala ina historia, na si yetu peke yetu. Uingereza, kati ya mwaka 1935 na 1954, wagonjwa wa mgongo huu walikuwa wakipigwa mionzi. Walilala, mashine ikafanya kazi, na maumivu yalipungua kweli. Ndiyo maana iliendelea karibu miaka ishirini. Mwaka 1957 watafiti Court Brown na Doll walichapisha hesabu za zaidi ya wagonjwa 13,000 waliopitia tiba hiyo, na saratani ya damu ilikuwa imewaandama kuliko watu wengine. Hakuna anayependekeza mionzi leo. Ninachosema ni kwamba nafuu ya jioni moja imewahi kuwapumbaza madaktari wakubwa, sembuse mimi na taa yangu nyekundu.

Na kuna nafuu za hatari zaidi ya taa. Vinyozi wetu wana mtindo wa kumaliza kunyoa kwa kukushika kidevu na kisogo na kuvuta shingo mpaka ilie. Kuna wanaokanyagwa mgongo na watoto, kuna wanaokwenda kwa mchuaji "kurudishwa pingili". Kwa mgongo ulioanza kuganda, hili si suala la ladha. Mfupa wa mwanzi ni mgumu lakini ni dhaifu, huvunjika kwa nguvu ndogo, na ukivunjika shingoni unaweza kugusa uti wenyewe. Miongozo ile ile ya Marekani inapinga vikali kuvutwa kwa namna hiyo kwa aliyeganda. Mwambie kinyozi akunyoe tu.

Hoja ya tatu ina sura ya heshima, ndiyo maana hupita bila kukaguliwa: kwamba mtu wetu hahitaji mazoezi, maisha yake yenyewe ni mazoezi. Mama anayelima kwa jembe la mkono, anayechota maji, anayefua kwa beseni, utamfundisha nini? Itazame kazi yenyewe. Mpini wa jembe ni mfupi; anayelima anakuwa amekunjika kiunoni, kifua kimetazama ardhi, saa nne mfululizo. Kufua, kufagia kwa ufagio wa chelewa, kupeta mchele, kushona cherehani, kuendesha bajaji kutwa: zote zinamkunja mtu upande ule ule ambao ugonjwa unamvutia. Hakuna hata moja inayomnyoosha kinyumenyume, inayomgeuza shingo hadi mwisho wake, au inayomtaka ajaze hewa mpaka mbavu zifunguke. Watafiti wa Ulaya waliowafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi walikuta kwamba kwa wenye kazi za sulubu uvimbe huacha alama kubwa zaidi kwenye pingili kuliko kwa wanaokaa ofisini. Wavuta sigara nao vile vile.

Wa kitandani atadaka hapo hapo: si umeona, kazi inaumiza, basi apumzike! Ameruka darasa. Kazi ya sulubu na kitanda vina kosa moja linalofanana: vyote viwili vinamwacha mtu amejikunja. Mazoezi tiba ndiyo yanayokwenda upande wa pili, na kwa sababu mwili wa kila siku hauendi upande huo, lazima yafundishwe, yahesabiwe na yarudiwe. Hata swala haitoshi, nasema hivyo kwa adabu zote. Rukuu na sujudu ni baraka kwa kiuno, lakini zote mbili zinainamia mbele.

Yangu ni haya, kwa anayetaka kujua. Nikiamka sikai kitandani kujihurumia. Najiviringisha upande, naangusha miguu, nasimama. Baada ya alfajiri natandika mkeka sebuleni na kulala kifudifudi dakika kumi bila mto, uso ukiwa upande mmoja kisha upande wa pili. Siku za mwanzo dakika mbili tu zilinitoa machozi. Kisha najisukuma kwa viwiko mpaka kifua kinyanyuke, mara kumi. Nageuka chali, nakunja magoti, nanyanyua makalio. Nakaa, nageuza shingo nikitazama dirisha, nageuza nikitazama kabati la vyombo, na kila wiki najiwekea alama ya kitu cha mbali zaidi ninachokiona. Mikono kichwani, pumzi ndefu, mbavu zifunguke. Mwisho ni ukuta: visigino, makalio, mabega, kisogo. Jioni natembea haraka kutoka Magomeni hadi Jangwani na kurudi. Mwanangu mdogo anaiga yote, isipokuwa yeye kisogo chake kinagusa.

Nafuu yenyewe haivumilii kupuuzwa. Nikiacha wiki, narudi nyuma, na huo ndio ugumu wa tiba hii kuliko kidonge: haimalizwi.

Hoja ya nne ni ya wasomi: ugonjwa huu ni wa Wazungu, tusijisumbue. Ina mzizi wa kweli. Mwaka 1973 iligunduliwa kwamba wagonjwa wengi mno wana alama ya urithi iitwayo HLA-B27. Ulaya ya kaskazini karibu watu 8 kwa 100 wanayo, na kwa wagonjwa wao ni karibu tisa kati ya kumi. Kwa jamii nyingi za Kibantu alama hiyo haifiki hata mtu mmoja kwa 100, na ugonjwa wenyewe ni adimu zaidi kwetu. Lakini adimu si hakuna. Na Waafrika wanaougua mara nyingi hawana alama hiyo, kwa hiyo kipimo cha damu kikirudi safi mgonjwa anaambiwa hana kitu, arudi akapumzike. Hata katika nchi zenye madaktari wa kutosha, huchukua kwa wastani miaka ipatayo saba mpaka mgonjwa apewe jina la ugonjwa wake. Kwetu, ambako madaktari bingwa wa baridi yabisi ni wa kuhesabu kwa vidole, miaka hiyo tunaijaza kwa taifodi tusiyokuwa nayo, "asidi ya nyama nyekundu" na ubao wa mninga. Wanawake ndio hupotea zaidi, kwa sababu vitabu vya zamani viliuandika kama ugonjwa wa wanaume, na mama akisema mgongo anaambiwa ni uzazi.

Kuna jambo moja ambalo wapinzani wangu wana haki nalo kabisa, nami nalibeba kama la kwangu. Si kila mgongo wa kijana unaoamka usiku ni baridi yabisi. Kifua kikuu hukaa kwenye uti wa mgongo, na brusela ya maziwa mabichi hushika maungio yale yale ya nyonga. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, ganzi ya miguu, mkojo kugoma: huyo haanzi na mkeka, anaanza na hospitali, upesi. Mazoezi huja baada ya kujua unapambana na nani.

Tena sisemi watu watupe dawa. Vidonge vya kupunguza uvimbe ndivyo hatua ya kwanza ya dawa, vinasaidia wengi, na mimi navitumia chini ya uangalizi wa daktari, maana tumbo na figo zina lao la kusema. Zipo sindano za kibayolojia, za kuzuia kemikali inayochochea uvimbe, ambazo tangu miaka ya 2000 zimebadilisha maisha ya wagonjwa huko zinakopatikana. Bei yake kwetu ni ya kuuza kiwanja. Wengine husikia hivyo wakahitimisha kwamba mazoezi ni dawa ya maskini, anayopewa aliyekosa sindano. Si kweli. Miongozo ya Ulaya inamwandikia mazoezi hata yule anayepata sindano kila mwezi kwa gharama ya serikali. Tofauti yake na sisi ni kwamba yeye akikosa mazoezi bado ana sindano. Sisi tukikosa mazoezi tuna ubao.

Kinachonishangaza ni jinsi tulivyo karibu na tiba hii bila kuitumia. Temeke na Mbagala vikundi vya joging vinajaa barabarani kila Jumapili asubuhi, kwa fulana za rangi moja na nyimbo. Watu wetu wanajua kufanya mazoezi kwa pamoja kuliko Wanorway. Na utafiti, kama nilivyotaja, umesema mazoezi ya kikundi yanashinda ya peke yako. Hospitali yenye fizio mmoja na foleni ya watu 30 haihitaji taa ya tatu; inahitaji mikeka 15, ukuta mmoja na saa moja ya asubuhi mara mbili kwa wiki, wagonjwa wote wa mgongo wa aina hii wafanye pamoja, yeye akipita katikati na futi yake. Kina mama wakitaka chumba chao na pazia lao, wapewe.

Kwako daktari, nesi, muuza duka la dawa, mchuaji, na wewe jirani wa chumvi: kabla hujamwambia kijana mwenye mgongo apumzike, muulize lile swali la yule dada. Ukilala unapata nafuu, au unazidi? Akijibu kwamba anazidi, usimrudishe kitandani. Mpeleke akapimwe, na umwambie aende anatembea.